Kuoshewa paneli za sola Dodoma: nimelipa mara tatu, mara moja nimejuta

Friza ndiyo iliyonishtua, si paneli. Agosti 2024 nilianza kuamka alfajiri nakuta barafu za ubuyu zimelegea kama uji, betri imeisha usiku na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani) imejihamishia kwenye LUKU, umeme wa kununua, nao uniti zimeisha. Miezi michache nyuma, kwa mzigo huohuo, nilikuwa naamka betri ikiwa na asilimia 30 na zaidi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nauza juisi ya ubuyu na barafu za watoto hapahapa nyumbani: friza mbili, pampu ya kisima, taa, televisheni, basi. Sikuwa nimeongeza kitu.

Mfumo wenyewe niliufunga mwishoni mwa 2023, kipindi cha mgao wa umeme, kila fundi wa sola mjini akiwa na foleni ya wateja. Paneli 6 za wati 550, inveta ya kilowati 5, betri moja ya lithiamu inayobeba uniti 5. Nyumba yangu ni ya huu mtindo wa paa lililofichwa. Kuta zimepanda juu, bati liko ndani limelala. Ukiwa barabarani inapendeza. Kwa habari ya vumbi, nimejijengea beseni. Na barabara yetu haina lami. Anayeijua Dodoma anajua mvua ikishaaga mwezi wa nne au wa tano, hairudi mpaka Desemba, na katikati hapo kuna upepo wa Agosti na Septemba unaohamisha mtaa mzima.

Nikampigia fundi aliyenifungia. "Mwalimu, hizo ni chafu tu, tafuta watu waoshe." Yeye mwenyewe haoshi.

Vijana wa kwanza niliwapata kwa kuelekezwa na jirani. Wawili, pikipiki moja, ndoo, brashi ya kufulia mazulia. Ngazi waliazima kwangu. Bei Sh 5,000 kwa paneli, jumla Sh 30,000. Walifika saa 7 mchana. Leo hii mtu akinijia saa hiyo na ndoo ya maji simfungulii hata geti, lakini wakati ule sikuwa najua. Kioo cha paneli mchana wa Dodoma hakishikiki kwa mkono. Kukimwagia maji ya baridi ghafla ni yaleyale ya kumimina chai ya moto kwenye glasi, ila kinyume chake.

Mmoja akavua ndala, akapanda juu ya paneli zenyewe, anatembea kama yuko sebuleni kwake. Nikapiga kelele kutoka chini. "Usijali mama, hiki kioo kigumu, hata mvua ya mawe haikivunji." Kioo ni kigumu kweli, hilo sibishani nalo. Tatizo liko chini ya kioo. Zile seli za silikoni, ndizo zinazogeuza jua kuwa umeme, zina unene wa kama karatasi mbili za daftari, na zikipata nyufa hutaziona kwa macho. Utaona umeme unapungua mwaka hadi mwaka na hujui umlaumu nani.

Wakasugua kwa sabuni ya unga, wakasuuza kwa maji ya kisima changu. Hapa nibebe na langu: mimi ndiye niliyewasha pampu. Birika langu lina ukoko mweupe wa kubandua kwa kisu, miaka yote naiona ile chumvi, na bado sikuwaza kwamba maji hayohayo yakikaukia kwenye kioo cha moto yataacha kilekile yanachoacha kwenye birika. Yalikauka kabla hawajashuka ngazi. Baada ya siku tatu nilimtuma kijana wa jirani apande apige picha. Paneli zilikuwa kama mtu amezinyunyizia unga wa sembe, na utando wa sabuni ambayo haikutoka ulikuwa umeshaanza kushika vumbi jipya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona wengi wanakosea, nami nilikosea wiki nzima: utajuaje kama kuosha kumesaidia?

Programu ya inveta kwenye simu inaonyesha paneli zimezalisha uniti ngapi kwa siku. Siku moja kabla ya kuoshwa, uniti 11.2. Siku iliyofuata baada ya kuoshwa, uniti 10.9. Imeshuka! Nikasema nimeibiwa. Nikakaa na daftari (nilifundisha hisabati miaka 31, siwezi kuacha namba inidharau) nikaona siku ile ya pili ilikuwa Jumapili. Jumapili siuzi. Friza hazifunguliwi kila dakika, pampu haiwashwi sana. Betri ikajaa mapema, na ikishajaa, inveta kama yangu isiyorudisha umeme kwenye gridi inazipiga paneli breki, kwa sababu umeme hauna pa kwenda. Kwa hiyo ile namba ya siku ilikuwa inapima matumizi yangu. Paneli ziwe safi ziwe chafu, nikitumia kidogo itasoma kidogo.

Kipimo nilichoishia nacho ni hiki. Dodoma jua linafika juu kabisa karibu na saa 6:30 mchana. Siku ambayo anga halina wingu, saa hiyo nawasha kila kinachokula umeme: pasi, birika, pampu, friza zote mbili. Mzigo ukishazidi uwezo wa paneli, zinatoa wati zote zilizonazo bila breki, na hapo nasoma wati zinazotoka kwenye paneli. Naandika, nazima. Dakika tano. Cha pili ninachokiandika ni saa ambayo betri inafika asilimia 100. Na nalinganisha siku zinazofuatana tu, maana jua la Juni na jua la Oktoba hapa kwetu si jua moja.

Machi 2024, baada ya mvua kubwa, niliwahi kuona wati 2,680. Usishangae kwamba paneli za wati 3,300 hazifiki huko. Ile namba iliyoandikwa mgongoni mwa paneli imepimwa maabara, seli zikiwa na nyuzi 25, na juani zinachemka zaidi ya hapo sana. Kabla ya wale vijana wa kwanza nilisoma 2,170. Kesho yake 2,290. Wiki tatu baadaye 2,130, chini ya nilikoanzia. Sh 30,000 zilininunulia wati 120 za siku chache na madoa ya chumvi.

Wa pili nilielekezwa na duka linalouza vifaa vya sola. Hawa kazi yao ni kuosha tu. Kwenye simu bei ilikuwa Sh 8,000 kwa paneli, nilipotuma picha ikapanda hadi Sh 12,000 kwa sababu ya madoa. Sh 72,000. Nilinung'unika, nikakubali, wakataka nusu kwanza. Kisha wakachelewa wiki nzima. Siku ya ahadi naambiwa gari bovu, siku ya pili naambiwa "dada, kuna mazishi", mpaka nikaanza kuihesabu ile nusu kama sadaka.

Walipokuja, ikiwa mwishoni mwa Septemba, walikuja saa 12:30 asubuhi. Watatu. "Shikamoo mwalimu." Inaonekana duka liliwaambia. Kabla hata ya kuomba kuona paa, mkubwa wao aliomba maji yangu kwenye kikombe. Akatumbukiza kifaa kidogo kama kalamu kinachopima chumvi iliyoyeyuka kwenye maji, kikasoma 1,140. Akachota kwenye dumu lao, kikasoma 6. Akanionyesha zote mbili, hakusema kitu. Mwalimu hapo alikuwa yeye.

Walikuja na madumu matatu ya lita 20, maji waliyoyapitisha kwenye chujio la kuondoa madini. Waliniambia mtu akiwa na maji ya mvua kwenye simtanki safi wanatumia hayohayo na bei inapungua, kwa sababu maji ya mvua hayana chumvi ya ardhini. Simtanki langu la mvua lilikauka Julai.

Kilichonifurahisha zaidi ni dakika 20 za mwanzo ambazo hawakugusa maji kabisa. Walizima inveta, wakazima breka ya paneli, na mkubwa wao akaniita kunieleza kuwa hata hivyo juu hakujazimwa. Paneli 6 zikiungwa mkufu mmoja zinafika karibu volti 300, na jua likishatoka umeme huo upo kwenye waya, breka inakata tu njia ya kufika kwenye inveta. Akazunguka akikagua kila kioo kama kina ufa, kwa sababu paneli iliyopasuka ukiilowesha inaweza kukurusha. Akakuta waya mmoja unaning'inia na kusuguana na bati. Fundi wa mwanzo hakuufunga. Wakaufunga bila kunidai. Chini ya paneli ya mwisho wakatoa kiota, majani makavu ya kutosha kuwashia jiko.

Kisha wakapangusa vumbi kavu kwa brashi laini ya mpini mrefu. Nikauliza kwa nini wasimwage maji moja kwa moja. Ni kwa sababu vumbi letu lina mchanga, na mchanga ukisuguliwa ukiwa umelowa unachora kioo. Halafu maji, brashi, maji. Sabuni hapana. Kwenye madoa meupe walitumia siki iliyopunguzwa kwa maji, wakajaribu kwanza kwenye kona moja, wakasubiri, wakafuta kwa kitambaa, wakasuuza. Hakuna aliyekanyaga paneli. Walifanya kazi wakiwa kwenye bati, wamefunga mkanda na kamba.

Mahali walipotumia muda mrefu ni pale chini, kwenye ukingo wa fremu. Kwa kuwa paneli zangu zimelala sana, maji ya mvua na ya umande hayamaliziki kushuka, yanasimama kwenye ukingo na kuacha mstari wa tope upana wa vidole viwili. Mimi nilidhani mstari ule si kitu, paneli ni kubwa. Kijana akanieleza vizuri: seli zimeungwa kama watu waliojipanga kupokezana ndoo kutoka kisimani. Mmoja akilegea, ndoo za wote zinachelewa. Tope likifunika safu ya chini, nusu nzima ya paneli inapungua, hata kama juu yake pameng'aa. Kinyesi cha kunguru nacho ni hivyohivyo, na zaidi ya hapo seli iliyofunikwa inapata joto kuliko wenzake na inaweza kuungua mahali pamoja. Cha kunguru nilikuwa nacho kimoja, kimekauka kama plasta.

Baada ya saa moja na dakika 50, kazi imeisha. Wamekanyaga mchicha wangu mara mbili wakihamisha ngazi, na risiti niliipata baada ya kusimama getini na kusema sifungui.

Mchana ule saa 6:30, anga jeupe kama la jana yake: wati 2,570. Jana yake ilikuwa 2,130. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 20 na ushee. Betri iliyokuwa inajaa saa 6:20 mchana, siku ile ilijaa saa 5:25. Asubuhi iliyofuata barafu zangu zilikuwa mawe.

Karatasi yao ya matangazo imeandika "hadi asilimia 40". Nilimwonyesha mkubwa wao daftari langu. Akacheka, "Hiyo arobaini ni ya wanaokaa jirani na machimbo ya kokoto, mwalimu." Basi waandike hivyo. Madoa mawili kwenye paneli ya tatu hayakutoka, aliniambia mapema kuwa huenda yasitoke, na sidhani yatatoka tena. Hayo ni ya wale wa kwanza.

Sasa pesa, maana hilo ndilo kila jirani ananiuliza. Nyongeza ile, kwa matumizi yangu, ni kama uniti 2 kwa siku ambazo ningezinunua. LUKU kwangu uniti moja ni Sh 350 na ushee. Sema Sh 700 kwa siku. Sh 72,000 zinahitaji siku 103 kurudi, na mimi nilioshewa mwishoni mwa Septemba; mvua ya kwanza ilikuja Desemba mwanzoni, ikaosha bure. Kwa hesabu ya LUKU peke yake nilipata hasara. Kilichoniokoa ni barafu: usiku mmoja friza zikilegea, ubuyu wa siku nzima unakwenda na maji, na usiku wa namna hiyo nilikuwa nimeshapata mitatu. Kama wewe huna biashara nyumbani, una taa na televisheni tu na betri yako inafika asubuhi hata paneli zikiwa chafu, sioni kwa nini uwalipe. Nasema hivi nikijua vijana wale hawatapenda.

Walitaka tufunge mkataba wa kuosha kila miezi mitatu. Nilikataa. Kuanzia Desemba hadi Aprili sina haja nao. Niliwaita tena Julai 2025, nikiwa na sababu mbili: vumbi limeshaanza kukaa na bado kuna miezi mitano ya kiangazi mbele ya kuirudisha pesa, na simtanki langu bado lina maji. Hawakuhitaji siki, maji yalikuwa yangu, wakanitoza Sh 36,000 kwa paneli zote sita. Safari hii walifika siku waliyosema. Kabla 2,310, baada 2,540. Nyongeza ndogo kuliko ile ya kwanza kwa sababu uchafu ulikuwa mdogo, sehemu kubwa ni ule mstari wa tope wa chini, ambao mvua haiutoi. Mvua ndiyo inayoutengeneza. Oktoba nilipopima tena ilikuwa imeshuka hadi 2,420, na friza hazijalegea hata usiku mmoja. Kwa bei hiyo na mwezi huo, imelipa.

Hawa wa pili nawapa nyota nne. Moja nimeizuia kwa ile wiki ya kunizungusha na kwa mchicha. Ukiwapigia watu wako huko ulipo, waulize wanakuja saa ngapi na wanakuja na maji gani, kabla hujauliza bei. Anayekujibu "tutatumia ya kwako tu, mama" bila kuyapima, mshukuru na ukate simu.

Mimi mwenyewe sipandi; umri wa miaka 63 na ngazi ni vitu visivyozoeana. Kazi yangu imebaki kukinga maji. Mvua za mwisho nilijaza madumu matano, manne yaliyobaki nikayaweka stoo nyuma ya magunia ya ubuyu, nimeyaandika kwa makapeni YA PANELI, kwa sababu lile la tano mjukuu wangu alilifulia sare za shule, na anasema hajawahi kuona sabuni inatoa povu kiasi kile.